Bwawa limekuwa kijani Kigoma? Usikubali limwagwe, anza na asidi

Mkuu, kwa ulivyoeleza, bwawa ni la mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.4, liko bondeni upande wa Kibirizi. Maji yamekuwa kijani, klorini imeshamiminwa ndoo nzima bila mafanikio, na sasa fundi anataka kuyamwaga yote apige brashi, kazi ya mkataba wa jumla.

Asimwage. Karibu na ziwa maji ya ardhini yako juu, hasa kipindi cha mvua, na bwawa tupu la zege husukumwa kwenda juu kama mtumbwi usio na mzigo. Likinyanyuka hata sentimita chache, sakafu inapasuka na mabomba yaliyofukiwa yanakatika. Isitoshe, ukilijaza upya utaleta maji yenye tatizo lilelile.

Tatizo lenyewe ni hili: maji yetu ya bomba yanatoka Ziwa Tanganyika, na pH ya ziwa hilo (kipimo cha uasidi, 7 ni katikati, juu ya hapo ni alkali) inacheza kwenye 9. Klorini inategemea sana pH. Kwenye 7.5 karibu nusu yake ndiyo inayoua vijidudu na mwani, kwenye 8.5 inabaki kama sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana ndoo nzima imeisha na kijani kipo palepale.

Hesabu yako: 8 × 4 × 1.4 ni kama lita 45,000. Nunua kipimo cha matone au vijiti kinachosoma pH, klorini na jumla ya alkali, yaani nguvu ya maji kuizuia pH isishuke. Pima pH kabla ya kuweka klorini, kwa sababu klorini ikizidi sana rangi ya kipimo inadanganya. Kwa maji ya ziwa usishangae alkali ikisoma karibu 300 (miligramu kwa lita). Unatakiwa uishushe hadi 80–120. Kushusha 10 katika lita 10,000 kunakula kama mililita 200 za asidi ya haidrokloriki ya 32%. Kwa bwawa lako, kutoka 300 hadi 120 ni kama lita 16. Ni nyingi, ndiyo, na hapo ndipo mafundi wengi wanapokata tamaa wakaongeza klorini.

Usiimwage kwa mkupuo. Weka lita moja, pampu ikizunguka, taratibu upande wenye kina, acha saa kadhaa, upime tena. pH ikigusa 7.2 simama, endelea kesho yake, maana itakuwa imepanda yenyewe. Asidi ya kusafishia vyoo yenye rangi na sabuni usiitumie, utapata povu. Na asidi isikutane na klorini ndooni wala stoo: hewa inayotoka inaua.

pH ikitulia kati ya 7.2 na 7.6, jua likizama, chukua gramu 700 za klorini ya punje ya 65%. Tia maji kwanza kwenye ndoo ya plastiki, ndipo klorini ifuate, kamwe usianze na klorini. Sambaza, piga brashi kuta zote, acha pampu izunguke usiku kucha. Kijani kikigeuka kijivu, mwani umekufa. Ukitaka utuame haraka, tia shabu ya unga gramu 40 hadi 50 kwa kila lita 1,000, zungusha saa mbili, zima pampu hadi asubuhi, kisha fyonza uchafu ukiwa umeelekeza maji nje moja kwa moja, usipitishe kwenye filta. Baada ya hapo klorini ibaki miligramu 1 hadi 3 kwa lita, upime kila siku mbili.

Filta ndiyo kipimo changu cha fundi. Mwambie aisafishe kwa kuirudishia maji nyuma, yaani yapite kinyume na kutoa uchafu nje, umtazame mkono. Akizungusha mpini wa kichwa cha filta (vali ya kuchagua njia ya maji) pampu ikiwa inafanya kazi, mshukuru, mlipe nauli. Ule mpira wenye umbo la nyota ndani ya kichwa unakatika, na kuanzia siku hiyo maji yanavujia bomba la kumwagia bila wewe kuona. Anayejua anazima kwanza, anarudisha maji kwa dakika mbili tatu hadi maji kwenye kioo cha kuonea kichwani mwa filta yawe meupe, anazima tena, anasuuza nusu dakika, anazima, ndipo anarudi kwenye kuchuja. Kazi hii inafanywa presha ya filta ikizidi ya kawaida kwa nusu baa (kipimo kilichoandikwa "bar" kwenye geji).

Asikujazie mchanga wa ufukweni pia. Una vumbi na punje za kila saizi. Inatakiwa mchanga wa silika wa milimita 0.5 hadi 1, na filta ijazwe maji nusu kabla ya mchanga, vinginevyo vidole vya plastiki vya kukusanyia maji chini ya filta vinavunjika na mchanga utaukuta sakafuni mwa bwawa.

Kuhusu mkataba, usimpe mtu mmoja kila kitu. Fundi bomba alipwe kwa kazi ya bomba, vifaa ununue mwenyewe (gundi ya PVC aiache saa 24 kabla ya kuwasha, hata akisema ana haraka), dawa zibaki mikononi mwako. Kianzio kisizidi theluthi ya malipo ya ufundi, na cha mwisho kitoke pampu ikishazunguka siku kadhaa bila mapovu kwenye kikapu chake. Mapovu maana yake bomba la kuvuta linaingiza hewa.

Umeme usiuunganishe kwa fundi huyohuyo. Pampu iwe na breka inayokata umeme unaovuja, ya miliampea 30, na erthi yake ipimwe ukiwa umesimama hapo unaona. Breka ibonyezwe kitufe cha majaribio kila mwezi. Isiporuka, mtu asiingie majini.