Sato wanaozunguka kizimbani: tetrasaiklini iache kwanza

Pole sana, ndugu. Umeandika kwamba sato unaowafuga kizimbani, yaani kwenye wavu ndani ya ziwa, huko Igombe, Mwanza, wanatoa macho na kuogelea wakizunguka kama pia; hapo nashuku streptokokasi, bakteria anayeshambulia ubongo. Lakini kwa macho tu huwezi kuthibitisha. Tetrasaiklini, ile dawa ya kuua bakteria uliyotaka kuchanganya kwenye chakula chao, tafadhali iache. Ukikosea dawa unazalisha bakteria sugu, tena ndani ya ziwa tunalokunywa wote!

Vua watatu au wanne wanaoyumba lakini bado hai. Aliyekwisha kuelea tumbo juu hafai, bakteria wa uozo wameshamjaa. Waweke kwenye mfuko, juu ya barafu, siku hiyohiyo. Waulize TAFIRI Mwanza, taasisi ya utafiti wa uvuvi, ni maabara ipi inayoweza kuotesha bakteria kutoka sampuli za ubongo na figo, na kupima dawa ipi inamuua bakteria huyo.

Mizoga itoe kila asubuhi, uifukie mbali na maji.