Kosa la Kiwandani au Uharibifu wa Mtaani? Namna Ninavyozikagua Sarafu za Kale

Tangu watu wajue kwamba ninakusanya sarafu za Afrika Mashariki, nimekuwa nikiletewa ndururu (senti tano), peni (senti kumi) na shilingi za enzi ya ukoloni na wenye kuamini kwamba wameshika kosa adimu la kiwandani, kwa sababu tundu limekaa upande, herufi zimejirudia au ukingo umemeguka. Nyingi kati ya sarafu hizo ziliharibikia mikononi mwa watu. Chache ni makosa halisi, na kwa kuwa yapo, ninamsihi kila mwenye sarafu ya ajabu aikague kwa utaratibu kabla ya kuitupa au kuiuza.

Mkaguzi hana budi kwanza kujua jinsi sarafu inavyotengenezwa. Bamba la madini hukatwa visahani vya mviringo. Ukingo wa kila kisahani huinuliwa kidogo. Kisha kisahani huwekwa ndani ya pete ya chuma, kati ya mihuri miwili, na kugandamizwa kwa nguvu kubwa hadi madini yajaze mchoro. Swali ninalolitanguliza daima ni hili: ni hatua gani kati ya hizo ingeweza kuacha alama ninayoiona? Nikikosa jibu, naihesabu sarafu hiyo kuwa imeharibika, hata iwe ya kuvutia namna gani.

Mchoro wa muhuri umechongwa kwa kuzama, na ndiyo maana juu ya sarafu unajitokeza. Kwa hiyo muhuri unapopata ufa, madini huingia ndani ya ufa huo na sarafu hutoka ikiwa na mstari mwembamba ulioinuka, ambao aghalabu huanzia ukingoni. Mkwaruzo wa msumari au wa kisu huzama, na ukiutazama kwa lenzi ya sonara yenye kukuza mara kumi utaona madini yaliyosukumwa yakirundikana pembeni mwake. Katika sarafu ninazoletewa, tofauti hii ya kuinuka na kuzama humaliza mabishano mengi kuliko kipimo kingine chochote.

Senti tano na senti kumi za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki zinahitaji uangalifu wa pekee kwa sababu ya tundu lake. Tundu lilitobolewa kwenye kisahani kabla ya kugandamizwa, na mchoro una mzingo ulioinuka kulizunguka. Tundu likikosewa kiwandani, mihuri hushuka juu ya kisahani ambacho tayari kimetobolewa mahali pasipostahili, hivyo herufi au mapambo yaliyo karibu na tundu hulegea na kufifia taratibu kuelekea mwanya, kwa kuwa madini yalipata pa kukimbilia. Tundu la kekee au la msumari halifanyi hivyo: hukata herufi ghafla, huacha kingo kali au makovu ya kuzunguka, na mara nyingi upande mmoja wa sarafu hubonyea huku wa pili ukifura. Nikiletewa peni isiyo na tundu kabisa, huiweka kwenye mizani pamoja na kadhaa za aina yake, kwa kuwa isiyotobolewa inapaswa kuwa nzito kidogo. Kisha hutafuta mstari wa kiungo katikati, maana tundu linaweza kuzibwa na fundi hodari.

Ukingo uliomeguka nao una ushahidi wake. Kisahani kilichokatwa vibaya hutoa sarafu yenye pengo la mviringo, na mara nyingi ukingo ulio mkabala na pengo hilo huwa hafifu, kwa sababu hapo shinikizo la kuinua ukingo halikupata pa kuegemea. Sarafu iliyokatwa kwa tupa haina dalili hiyo, na njia za tupa huonekana kwenye jeraha lenyewe.

Kuna pia sarafu zinazoonyesha mchoro uliogeuzwa na kuzama upande mmoja. Hilo hutokea kiwandani sarafu iliyotangulia inapong'ang'ania kwenye muhuri na kugandamiza ile inayofuata. Lakini mtu akizibana sarafu mbili kwenye jiliwa atapata kitu kinachofanana na hicho. Zitazame sehemu zilizoinuka za mchoro wa asili: zikiwa zimelazwa bapa, jiliwa ndiyo iliyofanya kazi.

Lipo kundi la tatu, nalo ni sarafu zisizo na kosa wala uharibifu. Herufi H iliyo kwenye baadhi ya senti zetu ni alama ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham, na KN ni ya King's Norton. Senti za mwaka 1936 zenye jina la Edward wa Nane, mfalme wa Uingereza aliyejiuzulu Desemba mwaka huohuo kabla ya kutawazwa, zilitolewa kwa makusudi na zikatumika. Jina lilitosha, kwa kuwa sarafu hizo za tundu hazikubeba sura ya mfalme. Muuzaji anayeziita kosa anamdanganya mnunuzi.

Kosa la kweli hueleweka lote mara tu unapojua lilivyotokea. Mwaka 2008 Uingereza ilihamishia tarehe ya sarafu ya peni 20 upande wenye sura ya malkia, lakini baadhi zikapigwa kwa muhuri wa zamani wa upande huo pamoja na muhuri mpya wa upande wa pili, zikatoka bila tarehe, na Royal Mint, kiwanda cha sarafu cha Uingereza, yenyewe ikakiri. Sarafu ya vichwa viwili inayouzwa mitaani, kwa kawaida, ni mbili zilizochongwa na kuunganishwa: tafuta mshono ndani ya ukingo, na uidondoshe juu ya meza usikie mlio wake uliokufa.

Usiisafishe sarafu unayoishuku, wala kwa limau wala kwa majivu, kwa sababu tindikali na mchubuko hufuta dalili zote nilizozitaja. Ipime uzito, ipige picha pande zote mbili pamoja na ukingo, kwenye mwanga unaotoka ubavuni, kisha mpe mkaguzi picha hizo zikiambatana na za sarafu ya kawaida ya aina na mwaka uleule.