VirtualBox kuonyesha mifumo ya biti 32 tu

Kama prosesa yako ni ya biti 64 lakini VirtualBox (programu ya kuendesha kompyuta pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta yako) inakupa chaguo za biti 32 pekee, usihangaike kuifuta programu. Kwenye Windows bonyeza Ctrl+Shift+Esc, fungua Performance, kisha CPU, usome mstari wa Virtualization. Ukikuta Disabled, zima kompyuta, iwashe ukiingia BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguka kabla Windows haijawaka) kwa F2, F10 au Del, kila kampuni na kitufe chake, uwashe Intel VT-x, sehemu ya prosesa inayosaidia kompyuta pepe. Kwa AMD inaitwa SVM Mode, na mara nyingi imejificha ndani kabisa ya menyu. Hifadhi, toka.

RAM nayo: ukiwa na GB 8, kompyuta pepe ipe 3 au 4. Ukiipa 7, Windows yenyewe inakosa pumzi na zote mbili zinaganda.