Kwa kijana anayetaka kufanya kazi ya kusafisha maji taka ili yatumike tena

Vijana wanaomaliza masomo ya uhandisi hapa Lubumbashi huniuliza ni mashine gani wajifunze kwanza. Mimi huwajibu kwamba waanze kwa kujua maji yanayoingia mtamboni yanatoka wapi na yamebeba nini, kwa sababu mimi mwenyewe nililijua hilo kwa kuchelewa.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye mtambo mdogo uliosafisha maji taka ya kambi ya wafanyakazi. Wakati wa kiangazi maji hayo yalimwagilia bustani za lengalenga na kabeji. Kila asubuhi nilitia kidonge cha kupimia ndani ya kichupa cha maji, nikatazama rangi ya waridi ikitokea, kisha nikaandika daftarini kwamba klorini, dawa ya kuua vijidudu, ilitosha. Baada ya miezi kadhaa, mama mmoja wa maabara aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi alikagua vidonge vyangu, akagundua kwamba nilikuwa napima klorini yote na kuiandika kana kwamba ni klorini huru, yaani ile ambayo bado haijashikwa na kitu kingine. Tofauti hiyo si ndogo. Maji taka ya nyumbani yana amonia nyingi itokanayo na mkojo, nayo huishika klorini na kuunda kloramini, ambazo huua vijidudu polepole mno kuliko klorini huru. Kwa miezi yote hiyo daftari langu lilikuwa safi, nami sikujua kama maji yalikuwa safi. Jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa kuwa mboga zile zililiwa na watoto.

Mama huyo alinifundisha pia kwamba mayai ya minyoo hayaogopi klorini. Hupungua kwa kutulia chini ya mabwawa, maji yakikaa humo siku za kutosha, na Shirika la Afya Duniani hushauri yasizidi yai 1 kwa lita katika maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi. Kwa hiyo ukiajiriwa, kabla ya kuomba pampu mpya, hesabu maji yanakaa bwawani siku ngapi, na uulize tope liliondolewa lini, kwa maana bwawa lililojaa tope hupitisha maji haraka.

Katika mji wetu wa shaba na kobalti kuna swali jingine: ni nani mwingine anayemwaga kwenye bomba linaloleta maji taka mtamboni? Hakuna bwawa linaloangamiza metali. Huzama kwenye tope au hupita na maji hadi shambani. Windhoek, mji wa Namibia unaorudisha maji taka yaliyosafishwa kwenye mabomba ya kunywa tangu mwaka 1968, ulitenga maji ya viwanda yasichanganyike na ya majumbani. Watu husifu mtambo wao mpya wa mwaka 2002, wenye uwezo wa mita za ujazo 21,000 kwa siku, lakini mimi nausifu zaidi uamuzi huo wa kutenga.

Basi, mdogo wangu, ukitafuta nafasi ya mafunzo, omba kuwekwa maabara kwa mwaka mzima, kiangazi na masika, kwani mvua hubadilisha kila kipimo. Na matokeo wapelekee wakulima kwa Kiswahili, siku hiyo hiyo, kabla hawajafungua maji.