Maswali Yenu: Si Kila Kiingereza ni Hollywood

Tangu niitaje "Goodnight, Vienna", sinema ya mapenzi na nyimbo ya mwaka 1932, maswali hayajakoma. Nimechagua machache.

Hii si ndiyo ile ya Hollywood? (Tanga)

La! Nimeshachoka kulijibu hili. Ni ya Uingereza, ilipigwa kwenye studio za Elstree, karibu na London, mwongozaji Herbert Wilcox. Marekani ilionyeshwa kwa jina la "Magic Night", na hapo ndipo wengi mnapopotea.

Jack Buchanan, anayemwigiza shujaa wa sinema, Max, ni Mwingereza? (Nakuru)

Mskoti, mzaliwa wa Helensburgh.

Max si mtoto wa jenerali? Mbona baadaye anauza viatu? (Morogoro)

Ulisinzia katikati, ndugu yangu. Max ni ofisa wa jeshi la Austria, kampenda Viki, muuza maua. Baba anamtakia binti wa kikabaila. Vita vya 1914 vinawatenganisha. Vilipokwisha, himaya ilikuwa imesambaratika, na mwaka 1919 Austria ikafuta hata vyeo vya kikabaila. Basi bwana mkubwa wa jana leo anainama miguuni pa wateja, na Viki ndiye mwimbaji anayeshangiliwa. Ukilikosa hilo, unabaki na nyimbo tupu.

Imetoka kwenye kitabu gani? (Mombasa)

Mnadhani kila hadithi lazima itoke kitabuni? Ulikuwa mchezo wa redio wenye nyimbo, uliorushwa na BBC mwaka huohuo wa 1932. Aliuandika Eric Maschwitz, muziki wa George Posford. Waliokulia kwenye michezo ya redio watanielewa: jaribuni kufumba macho, muone kama hadithi itawapotea.

Sinema za Uingereza za enzi hizo zilikuwa na Waafrika? (Kampala)

Jomo Kenyatta mwenyewe, alipokuwa London, alicheza sehemu ndogo katika "Sanders of the River" ya 1935. Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji Mmarekani mweusi, aliimba humo, kisha akaikana. Itazameni kwa tahadhari, inausifu ukoloni waziwazi.

Sauti inakwaruza. Nakala yangu mbovu? Ni ile ya rangi. (Dodoma)

Sinema za sauti zilikuwa changa. Miaka 3 tu kabla, katika sinema "Blackmail" ya mwongozaji Hitchcock, mwigizaji Anny Ondra alichezesha midomo huku Joan Barry akisema maneno pembeni ya kamera. Lakini umesema ya rangi? Sinema hii ni nyeusi na nyeupe. Ukiona maua ya Viki yamekuwa mekundu, umeuziwa kazi ya fundi wa kompyuta.