"Sorry": pole au samahani?

Niko Leeds mwaka wa kwanza. Mwenzangu kazini alijikwaa ngazini, nikamwambia "sorry". Akashangaa: "Kwani wewe ndiye uliyeniangusha?" Nilikosea wapi?

Moyo wako haukukosea. Kwetu mtu akijikwaa, pole inatoka kabla hujafikiri, hata ukiwa ng'ambo ya barabara, naye anajibu "nimeshapoa". Mwingereza hana neno la kazi hiyo peke yake. "Sorry" yake imebeba pole na samahani kwa pamoja. Asili yake ni maumivu, kwani ni ndugu wa "sore", yaani penye kuuma. Aliyeanguka ukimwambia "Are you all right?" atakuelewa. Kwenye msiba sema "I'm so sorry" bila wasiwasi. Hiyo ndiyo pole yenyewe.

Utata huo umewahi kuleta matatizo makubwa?

Umewahi hata kutatua. Aprili 2001 ndege ya upelelezi ya Marekani iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani wa China akafa, Wamarekani 24 wakazuiliwa, na China ikadai iombwe radhi. Barua ya Marekani ya tarehe 11 ikasema "very sorry" mara mbili: kwa kifo cha rubani, na kwa ndege kuingia anga ya China na kutua bila ruhusa. Marekani ikashikilia kwamba imesikitika tu, haijakiri kosa. China ikawaeleza wananchi wake kwamba imeombwa radhi. Wale 24 wakarudi kwao. Barua ile ingemtesa mfasiri wa Kiswahili, maana sisi lazima tuchague: pole, au samahani.

Bosi akisema "Sorry?" sauti ikipanda, anaomba radhi?

Hapana, hakukusikia. Rudia.

"I'm sorry for you" ni sawa na "pole sana"?

Iepuke. Inaweza kusikika kama unamhurumia kwa dharau. Sema "I'm sorry to hear that".

Na "pole na kazi" je?

Hapa nasikitika kweli, maana Kiingereza hakina. "Sorry for the work" itamfanya adhani wewe ndiye uliyempa hiyo kazi. Mimi nikimkuta jirani kainama bustanini, jasho linamtoka, humwambia "That looks like hard work!" Hunyoosha mgongo, akafuta uso, tukaanza kuzungumza.