Uliza Mkutubi: Vitabu viko kabatini, funguo ziko kwa mwalimu, watoto wanasoma nini?

Barua za mara hii karibu zote zimetoka shule za kati, yaani kwa wanafunzi wa miaka 11 mpaka 14 hivi pamoja na walimu na wazazi wao, na ukizisoma zote kwa pamoja unaona tatizo ni lile lile, maktaba ipo ila haitumiki. Nimezifupisha kidogo ili zienee.

SWALI: Habari za kazi mkutubi. Mimi ni mwalimu, mwaka huu nimekabidhiwa ufunguo wa maktaba ya shule. Vitabu vipo, tena vingi tu, ila viko kwenye makabati yenye kufuli na aliyeniachia kazi kanisisitiza visitoke nje maana watoto watavipoteza na mimi ndio nitaulizwa. Naogopa kufungua. Nifanyeje?

JIBU: Fungua mwalimu, tena wiki hii hii usingoje muhula mpya. Hofu yako naielewa, hakuna anayependa kuulizwa, lakini kitabu kilichokaa kabatini miaka yote bila kuguswa nacho kimepotea vile vile, tofauti ni kwamba hakuna anayekuuliza. Kuna bwana mmoja anaitwa S. R. Ranganathan, alikuwa mwalimu wa hisabati huko India kabla hajawa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras, mwaka 1931 akatoa sheria tano za maktaba na ya kwanza kabisa inasema vitabu ni vya kutumika. Basi, hivyo tu. Akakumbusha kwamba zamani kule Ulaya kuna maktaba walikuwa wanafunga vitabu kwa minyororo kwenye rafu visiondoke, na kufuli la kabati lako ni mnyororo huo huo.

Sasa jinsi ya kufanya. Kabla hujaazimisha hata kimoja, kila kitabu kipe namba yake, ile namba ya kuingizia, iandike ukurasa wa jina la kitabu na ukurasa mwingine mmoja wa ndani unaouchagua wewe, halafu piga muhuri wa shule sehemu zote mbili, maana jalada likichanika namba inabaki. Daftari la kuazimisha lisiwe na mambo mengi, weka namba ya kitabu, jina la mwanafunzi, darasa, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi, na mwanafunzi aandike mwenyewe wewe unahakikisha tu. Wiki mbili zinatosha kwa kitabu kimoja na akiomba kuongeza muongezee. Vitabu vitapotea? Ndiyo, vichache vitapotea, na hili mwambie mkuu wa shule mapema kabla hujaanza, mkubaliane kwa maandishi kwamba kila mwaka kuna idadi fulani itaandikwa imepotea au imechakaa na hakuna mtu atakatwa mshahara kwa ajili hiyo. Mwalimu akiwa na karatasi hiyo mkononi anaazimisha kwa amani, bila hiyo ndani ya mwezi mmoja atarudisha kufuli.

Na wakati unapanga, toa vilivyozeeka. Hapa ndipo wengi wanashindwa kwa sababu tumezoea kuhesabu uzuri wa maktaba kwa wingi wa vitabu. Chukua kitabu cha anga, angalia kinasema sayari ziko ngapi, kikisema tisa ujue ni cha kabla ya 2006 manake mwaka huo Pluto iliwekwa kundi la sayari kibete. Chukua atlasi, itafute Sudan Kusini, kama haimo basi hiyo ramani ni ya kabla ya Julai 2011. Mtoto wa miaka 12 akikopi kitu kama hicho kwenye kazi yake atakoseshwa na hatorudi tena kwenye rafu yako. Rafu yenye vitabu 300 vizima inaazimwa kuliko yenye 1,000 vya vumbi, kwa sababu mtoto anaona cha kuchagua.

SWALI: Mkutubi, mwanangu ana miaka 12, kila akitoka maktaba anarudi na kitabu cha katuni. Kila wiki katuni. Nimemwambia mkutubi wa shule amnyime, kakataa. Naomba unisaidie kumwelewesha.

JIBU: Mama, mkutubi wa shule yupo sahihi na mimi niko upande wake. Mtoto anayerudi maktaba kila wiki kwa hiari yake mwenyewe ndiye msomaji tunayemtafuta, na kusoma katuni sio kazi nyepesi kama inavyoonekana, anasoma maneno, anasoma uso wa mtu, anajaza mwenyewe kilichotokea kati ya kisanduku kimoja na kingine. Ukimnyima hatahamia riwaya, atahamia simu. Badala yake muulize katuni hiyo inahusu nini. Akisema mpira, mwombe mkutubi amwonyeshe rafu ya michezo, akisema mambo ya anga kuna rafu ya nyota na sayari, yaani fuata anachopenda usifuate aina ya kitabu. Na jioni moja moja mwambie akusomee wewe.

SWALI: Shikamoo mkutubi. Niko shule ya kati, nina miaka 13. Nasoma polepole sana, herufi zinanichanganya, nikichukua kitabu chembamba wenzangu wananicheka wanasema ni cha watoto. Sasa hivi nachukua vinene ila sisomi, nakaa navyo tu. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza pole, na asante kwa kuandika kweli tupu. Kusoma polepole hakuna uhusiano na akili. Wapo watu wenye hali inayoitwa disleksia, ubongo wao unachelewa kuunganisha herufi na sauti, na wanasoma wanafika mbali wakipata msaada. Sisemi unayo, ila mwambie mwalimu unayemwamini au mzazi haya uliyoniandikia, na macho nayo yapimwe, ni kitu cha haraka.

Kwa upande wa maktaba, ulizia vitabu vya kusikiliza. Unavaa spika za masikioni, kitabu unacho mkononi, unasikiliza huku kidole kinafuata mstari, hiyo nayo ni kusoma usikubali mtu akuambie sio. Tena kuna mkataba wa kimataifa, Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 ulioanza kufanya kazi 2016, unaoruhusu vitabu vigeuzwe kuwa vya sauti, vya breli au vya maandishi makubwa kwa ajili ya wasioona vizuri na wenye shida ya kusoma kama disleksia, bila kuomba kibali kwa mwenye hakimiliki, kwa nchi zilizojiunga. Mkutubi wako anaweza kuufuatilia kwa niaba yako. Ukitaka kujua kitabu kinakufaa, fungua ukurasa wowote katikati, soma, kila neno usilolijua kunja kidole kimoja, vidole vyote vitano vikiisha kabla ukurasa haujaisha kirudishe chukua kingine.

Wakutubi wenzangu mnaosoma hapa, ule mtindo wa kubandika stika za rangi mgongoni mwa kitabu kuonyesha ni cha kiwango gani, wekeni ndani ya jalada jamani. Nje kila mtu anaona nani kabeba rangi gani, na umri huu mtoto yuko tayari kuacha kusoma kabisa kuliko kuonekana.

SWALI: Nina kompyuta tatu za zamani kwenye maktaba na intaneti inakuja na kupotea. Kuna cha maana naweza kuwawekea wanafunzi?

JIBU: Kipo kingi tu. Tafuta programu inaitwa Kiwix, ni ya bure, unapakua Wikipedia mara moja mahali penye intaneti nzuri halafu unaifungua bila intaneti kabisa, na picha zikiwemo. Ya Kiingereza nzima inachukua takriban GB 100 kwa hiyo andaa diski ya nje, ya Kiswahili ni ndogo zaidi inaingia kwenye flashi ya kawaida. Kwa hadithi kuna African Storybook na StoryWeaver, wote wanatoa kwa leseni huria, unapakua, unachapisha, unaweza hata kuzitafsiri, nyingi ni za wadogo ila kwa yule anayesoma kwa shida zinamfaa sana. Na kama unataka katalogi ya kompyuta, Koha ni bure, ilianzia New Zealand ikaanza kutumika mwaka 2000, lakini kwa vitabu mia chache mi nakushauri jedwali la kawaida la kompyuta kwanza, Koha inataka mtu wa kuihudumia.

SWALI: Mimi ni mkutubi, nina chumba, viti, vitabu, sina bajeti ya shughuli zozote. Nianzishe nini ili wanafunzi waje bila kulazimishwa?

JIBU: Anza na wakutubi wanafunzi, hicho ndicho ningefanya kabla ya kingine chochote. Chukua wachache kutoka kila darasa na usichukue wale wa mbele tu, chukua na yule msumbufu asiyetulia, mpe kazi yenye jina. Wafundishe mpangilio wa Dewey, ule wa tangu 1876 wa kupanga vitabu kwa namba kufuata mada, sio kwa kukariri bali kwa kutafuta: leta kitabu cha 523, ni nyota na sayari, leta 796, michezo, leta 398.2, ngano, leta 567.9 uone kelele itakayotokea maana hapo ni dinosaria. Baada ya muda mfupi wao ndio watakuwa wanamwelekeza mwalimu.

Halafu hao hao wape dakika mbili mbili kila wiki mbele ya darasa, mtu anasimama na kitabu alichomaliza, anasema kinahusu nani, kuna tatizo gani, anasoma nusu ukurasa pale panapopamba moto kisha anafunga. Asiseme mwisho. Mwalimu asisahihishe lugha wala asitoe maksi, akitoa maksi tu imeshakuwa kazi ya darasani. Hakikisha kitabu chenyewe kipo hapo hapo cha kuazima, ikiwezekana nakala mbili, kwa sababu watakikimbilia na asiyekipata uandike jina lake kwenye orodha ya kusubiri, na hiyo orodha ibandike mlangoni.

La tatu ni somo la kutafuta habari, na hili naomba ulishike kwa mikono miwili maana umri huu ndio wanaanza kuamini kila wanachokiona kwenye skrini. Usiwahubirie. Wape madai moja, mfano kwamba Ukuta Mkuu wa China unaonekana kwa macho kutoka mwezini, waambie wana nusu saa, wajue kama ni kweli na waandike wamejuaje. Watakuta kurasa zinasema ndiyo, watakuta zinasema hapana, hapo ndipo unawafundisha kuacha ule ukurasa walioufungua na kwenda kuangalia wengine wanasema nini juu ya mwandishi wake, nani kafika kweli mwezini na alisema nini, kitabu cha rafuni kinasemaje. Jibu ni kwamba hauonekani, lakini usiwaambie mpaka wabishane. Mwalimu wa historia au wa sayansi akiona hilo somo atataka mje mfanye pamoja kwenye mada yake, mkubalie, ndivyo maktaba inavyoingia kwenye ratiba ya shule.

SWALI: Faini ya kuchelewesha kitabu ni sawa kwa watoto?

JIBU: Hapana. Mtoto hana hela yake, anayeadhibiwa ni mzazi, na asiye nayo anaficha kitabu na haji tena. Chama cha Maktaba cha Marekani mwaka 2019 kilitamka rasmi kwamba faini zinawabagua wasio na uwezo, na mwaka huo huo maktaba za umma za Chicago zikazifuta, vitabu vilivyopotea siku nyingi vikaanza kurudi. Kumbusha kwa ujumbe, na akichelewa zuia tu kuazima kingine mpaka arudishe, lakini kukaa na kusomea humo ndani usimzuie.

SWALI: Mkutubi, likizo naruhusiwa kuchukua vitabu vingi?

JIBU: Muulize mkutubi wako mdogo wangu, na kama atasita muonyeshe ukurasa huu. Mimi nawapa vitano, tarehe ya kurudisha ni siku shule inafunguliwa, na cha tano nakichagua mimi.